Leseni ya Mzee Tokuji

Jirani yangu Hisae ana miaka sabini na tisa, na figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki lazima afike mjini kusafishwa damu. Basi la bondeni kwetu liliondolewa mwaka ule shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Vijana wamehamia Osaka, na tunayemwita kijana hapa ana miaka sitini na sita na mgongo mbovu. Kwa hiyo dereva ni mumewe, Tokuji, miaka themanini na mbili.

Kwa umri huo, leseni haitoki upya mpaka uonyeshwe picha kumi na sita, kisha uzitaje bila kuangalia. Orodha za picha hizo ni nne tu, na vitabu vyake vinauzwa dukani. Kila asubuhi baada ya supu Hisae alimkalisha mumewe.

"Haya Mzee, mzinga, halafu?"

"Kinanda. Sikio. Redio."

"Halafu?"

"Halafu chai, mwanamke wee! Koo limekauka!"

Tulicheka. Lakini Tokuji alikuwa ameanza kuweka viatu kwenye friji, na kumwita mbwa aliyekufa zamani. Hisae aliyaona, akanyamaza. Nami niliyaona nikanyamaza, maana kliniki ya macho napelekwa na gari hilohilo. Tuseme ukweli, tulikuwa waoga.

Akafaulu! Alikuwa amezikariri kama kasuku. Nikawapikia wali wa maharage mekundu, chakula chetu cha sherehe.

Jumanne, kwenye kivuko cha reli, kengele ikalia na kizuizi kikaanza kushuka. Gari halikusimama. Tokuji aliinamia miguu yake.

"Hisae, ya kusimamisha ni ipi?"

"Ya kushoto! Kushoto, Baba!"

Hisae akaivuta mwenyewe breki ya mkono. Treni ikapita mbele ya pua ya gari.

Jioni Hisae alikuja kwangu, akanisimulia yote.

"Ninaogopa, jirani. Nikimsema, watamnyang'anya leseni, na mimi bila kusafishwa damu siku kumi sifiki. Nisipomsema, siku moja tutaua watoto wa watu."

"Sasa utafanyaje?"

"Usimwambie mtu. Alhamisi nina zamu ya kusafishwa damu."

Sikumwambia mtu. Alhamisi asubuhi nilisimama dirishani, roho juu. Hisae alipanda, akafunga mkanda, na kabla gari halijawashwa mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaikamata breki.