Saa Tano na Nusu za Angani

Bibi Safina alikata roho alfajiri, huko Kilimarondo, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkwe wake, Kulthumu. Miguu ya bibi ilikuwa imekufa mwaka wa pili huo. Kulthumu, aliyeletwa kutoka Nambilanje akiwa mwali ambaye hata ugali wa muhogo ulikuwa ukimshinda, ndiye aliyemgeuza, akamsafisha, akamkata kucha.

"Siku yangu ikifika, wasinilaze ndani, mwanangu," bibi alizoea kumwambia. "Nizikwe siku ileile."

"Hawatakulaza, mama."

Wanawake walikuwa wameshamwosha na kumkafini pale Fahadi, kifungua mimba wake, alipopiga simu kutoka Maskati. "Asizikwe bila mimi! Ndege ni saa tano na nusu tu."

Lukumani, mdogo wake Fahadi na mume wa Kulthumu, akaipeleka habari turubaini kwa wanaume. "Kilomita karibu elfu nne, jamani, saa tano na nusu!"

"Loo! Na sisi kwenda hapo Nachingwea tu, mvua ikinyesha, unashinda unasukuma gari," akadakia jirani yao Kaimu. Wakacheka. Hakuna aliyejiuliza Fahadi naye angepita wapi. Shehe Ismaily alisema maiti hacheleweshwi. Wakamjibu ni saa tano tu, shehe.

Alasiri ikaingia, Fahadi bado yuko uwanjani Maskati anahangaikia nafasi. Jua likazama. Ndani Kulthumu alifukiza ubani na kupunga kanga, nzi wa kijani wakiruka na kutua palepale. Kulipokucha, sanda ilikuwa imelowa ubavuni; akaipangusa kwa kitambaa. Wanawake wakasogeza mikeka yao mlangoni, mmoja mmoja, kila mmoja akisingizia joto.

Kulthumu akatoka kumnyonyesha Hamidi, mwanawe mchanga. Mtoto akausikia ule mkono shavuni, akageuza uso, akalia. Kulthumu akanawa kwa majivu. Akanawa kwa limau. Harufu imeng'ang'ania, na maziwa yanamvuja kifuani.

Mara turubaini kukalipuka shangwe kama kwenye mpira. "Katua Dar! Katua!"

Mate yalimjaa Kulthumu mdomoni, akatema. Kutoka Dar mpaka Nachingwea ni kutwa nzima ya basi, halafu ile njia ya tope. Na hawa tangu jana wanakunywa chai na kusifu mbio za ndege, hakuna hata mmoja aliyechungulia ndani.

"Baba Hamidi, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo ukae na mama yako. Kikombe nitakushikia mimi."

Wanaume wakaguna. Lukumani akaingia kwa aibu. Hakukaa. Alitoka kiganja kikiwa puani, akapitiliza hadi nyuma ya choo, wote wakamsikia akitapika. Aliporudi hakumtazama mtu.

"Chimbeni," alisema. "Chimbeni upesi."

Fahadi alifika kesho yake, tope mpaka magotini, shingoni bado ananukia manukato.

"Shemeji, saa tano na nusu tu! Mmeshindwa kunisubiri?" Akanyoosha mkono wa pole.

Kulthumu alikuwa ameinama kwenye beseni, anasugua vidole kwa limau. Akainuka, akavipeleka vyote vitano chini ya pua ya Fahadi.

"Tumekusubiri, shemeji. Nusa."

Fahadi akarudi nyuma, mkono wake akauficha mfukoni.