Gundu la Orvel Stallings

Pale ziwa la Chalk Bend, kaskazini mwa Alabama, mtu husamehewa karibu kila kitu. Mkeo akikukimbia, majirani watakuletea mkate wa mahindi. Ukifungwa kwa kuendesha gari umelewa, kanisa litakuombea, na siku ukitoka utakuta nafasi yako kwenye kwaya bado inakusubiri. Lakini ukimaliza misimu miwili bila kuvua besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kama ndoo, ambaye watu wa pale humwabudu Jumamosi kwa moyo wote kabla ya kwenda Jumapili kumsalimia Mungu, basi hata mbwa wako ataanza kukutazama kwa mashaka.

Orvel Stallings alikuwa anaukaribia mwisho wa msimu wa pili na kila shindano alikuwa ametoka kapa.

Si kwamba hakujua kuvua. Alikuwa anavua tangu hajaota ndevu, na ukutani sebuleni kwake alining'inia besi mmoja aliyekaushwa, mnene kama mtoto wa nguruwe, ambaye Nadine, mke wake, alimpangusa vumbi kila wiki kwa heshima anayopewa marehemu wa ukoo. Kisha gundu likaingia tu, kama mafua. Wiki ya kwanza alilaumu upepo. Mwezi wa kwanza alilaumu mwezi. Alipofika kulaumu serikali ya jimbo, Nadine akajua kwamba mumewe anaumwa.

Kibaya zaidi, kazi yake ilikuwa kupeleka gesi majumbani. Kila siku aliegesha lori lake nyuma ya nyumba za watu, akavuta mpira mzito hadi kwenye tangi, na wakati gesi inaingia hakuwa na pa kukimbilia. Wenye nyumba walitoka na chai yao ya baridi na kumpa ushauri. Mmoja alimwambia apake chambo kitunguu saumu. Mwingine akamwambia akitemee mate, lakini asubuhi, kabla ya kupiga mswaki. Bibi mmoja mjane, ambaye hajawahi kushika ndoana, alimweleza bila kupepesa macho kwamba mumewe aliondoa gundu kwa kuvaa chupi nje ndani. Orvel alijaribu yote. Alinunua vyambo vya mpira vya kila rangi, hadi vile vinavyomeremeta ambavyo hakuna kiumbe chochote cha majini kilichowahi kufanana navyo. Nadine aliacha kumfungia ndizi kwenye chakula, maana ndizi kwenye boti ni mkosi, kisha akaacha kabisa kununua ndizi. Mchungaji akamtaja kwenye maombi, katikati ya mama mwenye matatizo ya figo na kijana aliyeko jeshini. Mama akapona. Kijana akapandishwa cheo. Orvel akatoka kapa.

Sasa, Chama cha Wavuvi wa Besi wa Chalk Bend kina katiba fupi, na kifungu ambacho kila mtu anakikumbuka ni kile cha uanachama wa heshima. Mwanachama akimaliza misimu miwili bila kuleta hata samaki mmoja kwenye mizani, anapewa heshima. Maana ya heshima ni kwamba siku za mashindano hapandi tena boti. Anabaki nchi kavu, anavaa aproni, anawachomea wenzake soseji. Aproni yenyewe ilikuwa tayari, ina picha ya besi anayecheka. Na shindano la Agosti lilikuwa la mwisho wa msimu.

Katika mashindano yale huchagui wa kuvua naye. Majina yanatolewa kwenye kopo la kahawa, wawili wawili, kila boti watu wawili wanaoshindana na huku wanachungana. Jina la Orvel lilipotoka na la Garland Pruitt, watu walicheka hadi wengine wakashika meza. Garland alikuwa muuza matrekta, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia matrekta, na ndiye aliyemsema Orvel kuliko wote. Alisema hapandi boti ya Orvel ng'o, gundu linaweza kuwa limeingia kwenye viti. Watatumia boti yake.

Asubuhi ya shindano Garland alimsimamisha Orvel gatini akamnusa mfuko wa chakula kama mbwa wa forodha. Akamwamuru aingie kwa mguu wa kulia. Kisha akasimama mbele, kama ilivyo haki ya mwenye boti, na Orvel akakaa nyuma, ambako unavua maji ambayo mwenzako ameshayachokoza yote.

Jua lilipanda. Garland alirusha na kuvuta, akabadilisha chambo, akarusha na kuvuta. Orvel naye alirusha na kuvuta haraka kuliko kawaida yake, kama mtu anayetafuta funguo zilizopotea huku simu inaita. Ndivyo alivyovua misimu yote miwili, kwa pupa. Mwishowe alirusha kwa nguvu mno, na mshipi ukajisokota kwenye kigurudumu chake, fundo juu ya fundo, kama kiota cha ndege. Mnyoo wa mpira, chambo chake cha siku ile, ukazama hadi chini na kulala huko. Orvel akavaa miwani, akaanza kufungua fundo moja baada ya jingine.

Garland aligeuka akamtazama kwa muda mrefu.

"Orvel, unavua au unasuka nywele?"

"Nafungua mshipi."

"Fungua taratibu, ndugu yangu. Samaki wanajua uko hapa. Wametulia kabisa, hawana wasiwasi wowote."

Orvel alikuwa amebakiza fundo moja alipouona mshipi ukiondoka wenyewe, polepole, ukielekea upande ambao yeye hakuutuma. Alishika fimbo ya kuvulia akainua. Fimbo ikapinda hadi majini. Kilichofuata hakukikumbuka vizuri, ila kwamba alipiga magoti, na kwamba Garland, ambaye sheria inamlazimisha kusaidia, alimwinua yule besi kwa wavu akiwa na uso wa mtu anayebeba takataka za jirani.

Orvel alifurahi, akarudi kwenye pupa yake. Saa nzima ikapita, hakuna kitu. Kisha mshipi ukajisokota tena, akavaa miwani tena, na besi wa pili akaja kuchukua mnyoo uliolala, mkubwa kuliko wa kwanza.

Hapo ndipo Orvel alipoketi akafikiri, jambo ambalo hakuwa amelifanya ziwani kwa muda mrefu. Joto lile la Agosti lilikuwa limewashusha samaki chini, nao walikuwa wavivu kama watu wa baada ya chakula cha Jumapili. Hawakutaka kukimbizana na kitu. Walitaka kitu kiwakalie mbele mpaka kiwakere. Akarusha tena, akaacha. Lakini mikono haikukubali kuacha, ilishazoea kuvuta. Basi ikabidi aidanganye. Akavaa miwani, akainama juu ya mshipi ambao haukuwa na tatizo lolote, akawa anauchokonoa kana kwamba una mafundo.

Kufika mchana alikuwa na besi watano kwenye tangi la maji la boti, idadi yote inayoruhusiwa. Garland alikuwa amebadilisha chambo mara zisizo na hesabu. Aliomba hata mnyoo wa Orvel, rangi ileile, akaurusha palepale, lakini hakuweza kuuacha. Aliuvuta kama mtu anayekoroga uji unaoungua. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na kwa Garland hiyo ilikuwa ni dalili ya ugonjwa.

Gatini maneno yakamrudia. Samaki wa Orvel walipopanda mizani wakafikia ratili ishirini na moja, watu wakaanza kupiga miluzi, na Garland akawa anaeleza pembeni kwamba mahali pale alipachagua yeye, kwamba ndiye aliyemwonyesha Orvel pa kurusha, na kwamba yeye mwenyewe alivua wadogo wadogo wanne watano akawarudisha kwa huruma. Nadine alikuwa amekuja na gari dogo akitarajia kumchukua mume mwenye aproni. Alimshika Orvel mashavu yote mawili mbele za watu.

Lakini mshindi wa kwanza Chalk Bend hapewi kombe mpaka apite kwenye mashine. Miaka ya nyuma mtu mmoja alishinda kwa kuwajaza samaki tumboni vipande vya risasi, vile vya kuzamishia mshipi, ili wawe wazito, na tangu hapo chama kinamtumia Thurman Oakes, aliyekuwa naibu wa sherifu, ambaye alistaafu akajinunulia mashine ya kupimia uongo. Siku ya kwanza aliijaribu kwa mkewe, akamuuliza kama anampenda mama mkwe, na hawakusemezana mwezi mzima. Mashine inakaa ofisini mwa chama, kati ya friji ya soda na besi wa plastiki anayeimba ukimpita.

Thurman alimfunga Orvel nyaya kifuani na vidoleni. Chama kizima kikajipanga mlangoni. Alimuuliza jina. Alimuuliza kama amewahi kusema uongo kuhusu samaki. Orvel akasema ndiyo, mara nyingi, na sindano inayochora kwenye karatasi ya mashine ikatulia kama bwawa.

"Samaki hawa watano umewavua wewe?"

Orvel alifungua mdomo, na kilichomjia akilini ni miwani yake na vidole vyake vikichokonoa mafundo yasiyokuwepo. "Ndiyo," akasema, na sindano ikaruka kama imechomwa na nyuki. Thurman akarudia swali. Sindano ikaruka zaidi.

"Mashine inakataa," alisema Thurman kwa huzuni.

"Na mimi karibu nikubaliane nayo," alisema Orvel. "Sikuwavua, Thurman. Nilikuwa nimekaa tu nafungua mshipi. Walikuja wenyewe."

Mtu mmoja nyuma alishaanza kwenda kuleta aproni. Nadine alimwambia kwa upole kwamba akiikaribia atamvalisha yeye, tena kichwani. Thurman akafungua katiba. Mashine ikimtilia mtu shaka, anasikilizwa mwenzake wa boti, naye akiwa kwenye nyaya hizohizo.

Macho yote yakamgeukia Garland, na Garland akakumbuka kwamba ana presha. Daktari alimkataza mambo ya nyaya. Kila mtu alijua presha hiyo imeanza saa ngapi. Orvel akaanza kujifungua nyaya mwenyewe.

"Acha, Garland," alisema. "Soseji naziweza. Huna haja ya kujiaibisha kwa ajili yangu."

Labda kama angemtukana, Garland angeondoka salama. Lakini kuhurumiwa na Orvel Stallings, hilo hakuweza kulimeza. Aliketi, kiti kikalia, akanyoosha vidole.

"Tuanze na rahisi, niipime sindano," alisema Thurman. "Leo umevua wangapi?"

"Wanne, watano. Wadogo. Niliwarudisha."

Sindano ikaruka.

"Watatu, basi."

Ikaruka.

"Wawili. Sikuwaangalia vizuri."

Watu mlangoni walikuwa wanaegemeana kwa kicheko. Garland akawa mwekundu kama nyanya za Julai.

"Mmoja. Alikuwa kama kidole."

Sindano ilikaribia kutoka nje ya karatasi.

"Sufuri," alisema Garland, na sindano ikalala chali.

"Na mahali pale ulipachagua wewe?"

"Upepo ulitusukuma. Nilikuwa nafungua soda."

Sindano haikutikisika. Thurman, ambaye hakuwa amefurahi hivyo tangu siku ya kustaafu, akavuta pumzi. "Sasa, hawa watano. Nani aliwavua?"

Garland alimtazama Orvel. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na sauti ya kuuzia matrekta.

"Yeye. Mmoja mmoja, kwa fimbo yake, na mimi niliwainua wote kwa wavu, bega bado linaniuma. Alikaa pale nyuma kama bibi anayefuma sweta, na samaki wakamjia. Sijawahi kuona ujinga wa namna hiyo ukifanya kazi. Lakini ni wake."

Sindano ilikwenda moja kwa moja, mstari ulionyooka kama barabara ya jangwani. Nadine akaanza kupiga makofi na wengine wakafuata. Kwa ajili ya utaratibu tu, Thurman akamrudisha Orvel kitini akamuuliza tena kama samaki amewavua yeye. Orvel akasema ndiyo, na sindano, ingawa haikuruka kama mwanzo, bado ilitikisika kidogo. Thurman akanyoosha mkono akachomoa waya ukutani, akamkabidhi kombe.

Jua lilikuwa bado juu walipowabeba samaki kwenye ndoo hadi ukingoni kuwarudisha ziwani. Garland alikuja nyuma bila kuitwa, akashika ndoo upande wa pili. Besi wa mwisho alikaa kidogo kwenye kiganja cha Orvel akipumua, kisha akaondoka bila haraka. Garland alikohoa.

"Kwa hiyo mnyoo unauacha tu chini? Huuvuti?"

"Unauacha tu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka uanze kujiona mjinga."

Garland akalifikiria hilo akiangalia maji. "Halafu?"

"Halafu unaendelea kidogo," alisema Orvel.