Mama Hajambo?

Mlinzi wa lango la soko letu hapa Baghdad hukupekua kwa mikono miwili na swali moja. Vidole vyake vinene vyenye harufu ya iliki hupita kwapani, kiunoni, hadi kwenye soksi, huku akikuuliza taratibu, "Mama hajambo, mwanangu?" Anaamini aliyevaa bomu hawezi kulijibu hilo. Siku ya mlipuko uliowaua wenzetu hapa sokoni alimuuliza mwenye bomu matokeo ya mpira, na yule akamjibu vizuri tu; tangu hapo akabadili swali. Muuza chai humtania kila asubuhi, "Mama alikufa zamani, mjomba, na bado anakusalimu." Mlinzi hacheki, anahamia kwenye soksi.

Jana, kwenye kumbukumbu ya waliokufa, Mheshimiwa alikuja kutuambia kwamba taifa haliogopi. Kijana aliyembebea shada la maua alifika langoni akitokwa jasho. "Mama hajambo, mwanangu?" Kijana kimya. Mlinzi akauliza tena. Kijana akalikumbatia shada. Mtu mmoja akaangusha kikombe, na soko zima likalala chini, mimi nikiwa wa kwanza. Mlinzi hakukimbia. Alifumba macho, akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya maua, akapapasa hadi kwenye waya uliofungia maua.

"Mama yupo pale," kijana akanong'ona hatimaye, akionyesha ukuta wa majina ya waliokufa, mstari wa tatu.

Mikono ya mlinzi ilibaki mle mauani. Sisi tuliinua vichwa kuutazama ukuta, na viatu vya Mheshimiwa vilikuwa vinachungulia kutoka nyuma yake.