Cherehani Kilichogoma Kinole

Naikumbuka asubuhi moja ya Ijumaa kule Kinole, mwanangu, asubuhi ya baridi kali, watu wote wamejifunika khanga mbili mbili, na mimi peke yangu natokwa na jasho. Nilikuwa nimeinamia cherehani cha mkono. Jasho lile halikuwa la kazi, lilikuwa la hofu. Mbele yangu palikuwa na gauni la satini ya waridi lisilokwisha, na kesho yake mwali alikuwa anatoka ndani.

Ngoja nikueleze vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Bigwa, hapa chini ya mlima, na wakati huo nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimejifunza kushona kwa miezi minane, najiona fundi kuliko mafundi wote wa Morogoro. Mama yangu mdogo, Salima, alikuwa anaishi Kinole, na binti yake Rehema alikuwa amewekwa ndani, anachezwa, yaani anafundwa utu uzima, kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Mama mdogo aliuza mdalasini wake wa msimu mzima, akashuka mjini, akanunua kitambaa kile, akaniletea mimi. Mafundi wa sokoni aliwapita. Alisema, "Mwanangu atatoka na nguo iliyoshonwa na mkono wa dada yake." Nikabeba cherehani alichoniachia marehemu bibi yangu, nikapanda nacho mlimani kwenye gari la ndizi, nimekipakata njia nzima kama mtoto.

Kabla sijaondoka Bigwa nilikitia mafuta. Likumbuke hilo, tutalirudia. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha, duka halikuwa mbali lakini uvivu ulikuwa karibu zaidi, nikachukua mafuta ya nazi niliyokuwa napaka nywele, nikadondosha kwenye kila tundu nililoliona. Nikazungusha gurudumu, likateleza kama ulimi wa mmbeya. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta tu.

Alhamisi mchana nilifika, jua linawaka, nikakata kitambaa na kuunga mabega bila shida yoyote. Nikalala nikijisifu. Ijumaa asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na nilipokaa kazini gurudumu lilikuwa zito. Sindano ilipanda na kushuka mahali pale pale. Kitambaa hakikusogea hata unywele, nyuzi zikajikusanya chini yake kama kiota. Unaijua hali hiyo wewe, la sivyo usingekuwa unanisoma sasa hivi huku umeshika kiuno.

Nikafanya afanyavyo kila mwenye haraka. Mkono wa kulia ukazungusha, wa kushoto ukavuta. Mshono ukatoka huku mrefu kama hatua ya mlevi, huku umekunjamana. Nikafumua, nikavuta tena kwa nguvu zaidi. Mwanangu, sindano haipendi kuvutwa. Ilipinda, ikagonga kibati cha chini, ikakatika, na ncha yake ikachana satini pale kiunoni, mbele kabisa, tundu kubwa kama punje ya hindi. Kitambaa kilichobaki kilikuwa vipande visivyotosha hata mfuko.

Sasa nje ya dirisha langu alikuwa amekaa Bibi Tatu, mdogo wake marehemu bibi, mzee wa siku nyingi, anachambua pilipili manga kwenye ungo. Cherehani hakuwahi kukigusa maishani mwake. Alikuwa ananitazama tangu mwanzo. Akaniuliza kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "We mke mwenzangu, mbona unakivuta? Chenyewe hakijui kutembea?"

Nikalipuka. "Bibi, hebu ondoka hapo dirishani! Tangu umekaa kunikodolea macho cherehani kimekataa kazi. Yana nini macho yako?"

Ulimi hauna mfupa. Kumwambia bibi kizee neno kama hilo, kijijini, si utani. Maneno ya namna hiyo huanzia kwenye dirisha moja, kufika jioni yameshazunguka mtaa mzima, na mzee wa watu anaanza kukwepwa kisimani. Niliyajua hayo yote na bado niliyasema, kwa sababu ilikuwa rahisi kumlaumu yeye kuliko kujiuliza nilichofanya mimi. Bibi Tatu aliweka ungo chini, akajizoazoa, akaondoka taratibu na mkongojo wake. Nikabaki na sindano iliyovunjika na aibu ambayo bado sikutaka kuikiri.

Baada ya muda mfupi alirudi, safari hii kwa mlango. Mkononi alikuwa na chupa ndogo. Akainusa hewa ya chumba, akakiinamia cherehani, akakinusa nacho.

"Hiki umekipaka nini?"

"Mafuta ya nazi," nikasema, sauti ndogo.

Akaipindua chupa yake juu chini mbele ya macho yangu. Halikutoka hata tone. Ndani mafuta yalikuwa meupe, yameganda kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria iliyolala. "Haya ni ya kichwa changu, nazi tupu. Huko kwenu Bigwa kuna joto, hujui. Huku asubuhi hayatoki mpaka niyaanike juani. Basi na wewe, cherehani chako umekianika?"

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikifungua kibati kile kwa bisibisi, na chini yake nikakuta meno, yale meno madogo yanayopanda na kukisukuma kitambaa nyuma kila sindano inapotoka. Yalikuwa yamezama. Vumbi la nyuzi la miaka mingi, ambalo sikuwahi kulisafisha, lilikuwa limechanganyika na mafuta ya nazi yaliyoganda, limejaa kila mwanya kama ugali kwenye meno ya mtoto. Meno yangepandaje? Na kama hayapandi, kitambaa kingesogea kwa miujiza gani? Mchagua jembe si mkulima, na mimi nilikuwa nimelaumu jembe, nikalaumu shamba, nikamlaumu na jirani.

Nilipiga magoti. Nikasema, "Bibi, nisamehe kwa nilichokisema."

"Ulisema nini? Masikio yangu haya ya zamani, hayasikii upuuzi," akanijibu. "Kanitafutie unyoya wa kuku."

Unyoya ule niliuchovya kwenye mafuta ya taa, nikasugua meno mpaka yakang'aa, nikakikausha cherehani kwa kitambaa, nikakiweka juani ukungu ulipoondoka. Kwa fundi baiskeli wa pale kijijini niliomba matone machache ya mafuta ya cherehani. Nikatia sindano mpya. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi, nikajaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu. Kikatembea chenyewe. Nikaweka kipande cha gazeti chini ya satini ili isiteleze, mkono wangu wa kushoto ukabaki kuiongoza tu, na mshono ukanyooka kama barabara mpya.

Lakini tundu lilibaki palepale. Nililitazama mpaka machozi yakanitoka, nikimfikiria mama mdogo na mdalasini wake. Bibi Tatu naye alilitazama. Akaingia chumbani kwake, akatoka na khanga ya kisutu, ile aliyovishwa siku yake mwenyewe ya kutoka, imechakaa kwa kuhifadhiwa. Kabla sijafungua mdomo akaichukua mikasi yangu na kuikata pindo kutoka mwisho hadi mwisho. "Shona mkanda," akasema. "Sindano ikivunjika si mwisho wa ufundi."

Jumamosi ngoma ikapigwa. Rehema alitolewa akiwa amebebwa begani, satini inameremeta, kiunoni mkanda mwekundu wa kisutu. Alipendeza, sitaki nikufiche, alipendeza kuliko nilivyostahili. Mama mdogo akamsogelea, akaushika mkanda ule, akageuka. "Kitambaa hiki kimetoka wapi? Sikununua mimi."

"Nimetaka mimi," Bibi Tatu akasema, kwa sauti ya mtu asiyeulizwa mara mbili. "Mwali wetu hatoki bila nguo ya mkongwe mwilini. Mmeshasahau?"

Hakuna aliyekuwa amesahau, maana hakuna aliyewahi kulisikia. Lakini nani angembishia? Mama mdogo akapiga vigelegele, wanawake wakadakia, na Rehema akazungushwa uwanja mzima. Tangu siku ile, kwenye ukoo wetu, kila mwali anayetoka hufungwa kiunoni kipande cha khanga ya bibi. Mwaka jana nimekata ya kwangu kwa ajili ya mjukuu wa Rehema, na watoto walipouliza, wakaelezwa ni mila ya tangu enzi za mababu. Nikainama nikacheka peke yangu. Mila yenyewe ilianzia kwenye sindano yangu iliyopinda. Bibi Tatu aliondoka duniani bila kumwambia mtu, wala lile neno nililomtamkia dirishani hakulirudia kwa yeyote.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, uzishike. Siku hizi vyerehani vyenu ni vya umeme, vina taa na vitufe, lakini meno ni yale yale. Kikigoma kuvuta kitambaa, usikivute wewe. Toa mkono, vuta pumzi. Tazama kama mguu wa kukandamiza umeushusha, maana wengi husahau na kulia bure. Tazama kile kirungu cha urefu wa mshono, kisiwe kwenye sifuri. Kama jana ulikuwa unatarizi na ukayashusha meno, yapandishe. Yote hayo yakiwa sawa, chomoa waya ukutani, fungua kibati, toa vumbi, na sindano iliyopinda usiionee huruma, tupa. Mafuta yawe ya cherehani; ya nywele yaache kichwani. Kisha jaribu kwenye kitambaa chakavu kabla hujagusa cha watu. Kama bado kinagoma, uliza, na wala usichague wa kumuuliza. Aliyenifundisha mimi hakujua hata kutunga uzi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja sindano tu, kwa sababu mkuu mwenyewe alinihurumia. Kwa hiyo kazi ikikukwama, anza na ulichokifanya wewe kwa mikono yako, kabla hujainua macho kumtafuta mbaya wako dirishani. Neno la hasira halifumuliwi kama mshono. Na ukimwona kijana amekosea na tayari anajua amekosea, usilipanue tundu lake mbele za watu.

Nenda ukashone, mwanangu. Mola aipe mikono yako subira na kazi yako sifa, akukutanishe na wateja wema na vitambaa visivyoteleza. Na siku utakapochana cha watu, kwa maana utachana, Mola akupe wa kwako atakayekata pindo la khanga yake akufunike, wala asiseme.