Avenue nzima ilisikiliza albamu yetu, mtandao ukaandika mtu mmoja

Wakuu, salamu kutoka mji wa Baraka, kando ya ziwa. Hiki ninachowaletea ni kweli tupu. Chumvi ikizidi, ni ile ya kuzuia samaki asioze.

Diplome yangu niliipata shule ya jioni, kwa hiyo kwenye korali yetu, yaani kwaya, kila kitu chenye umeme ndani naulizwa mimi.

Zamani hesabu ya albamu ilikuwa nyepesi. Mtu akinunua kaseti au CD, umeuza moja. Hata akienda kuitundika shambani itishe ndege, ni moja.

Mwaka huu wakubwa wa tamasha la makorali kule Uvira wakabadilisha. Nafasi ya upande wetu ni moja, na inaenda kwa korali ambayo albamu yake imesikilizwa zaidi mtandaoni. Ni sisi au Fizi-Centre, wale wa milimani, wanaotushinda tangu sijaota ndevu.

Mama Nyota, kiongozi wetu wa nyimbo, hajawahi kuimba Uvira. Sauti yake inaanza kukwaruza. Akaniambia, "Ni mwaka huu ao basi. Fanya yako, musomi."

Jumamosi tukatoa bafle, spika kubwa ya kuamsha samaki wa upande wa Tanzania. Simu moja, bafle moja, avenue nzima, mtaa wote. Bamama waliacha dagaa kwenye moto wakaja kucheza.

Ndiyo desturi yetu. Huku anayesikiliza muziki peke yake tunamuuliza kama ana homa.

Kesho yake nikafungua hesabu. Kila wimbo umeongezeka mara moja.

"Bantu bote bale, moja?" Mama Nyota akauliza.

"Mama, inahesabu simu, haihesabu masikio."

"Basi hiyo machine iko kiziwi."

Nikamweleza kwamba huko duniani nyimbo lazima zisikilizwe mara zaidi ya elfu ndipo waandike albamu moja imeuzwa.

Akafikiri. "Kumbe jana tuliuza ukucha wa albamu."

Akatoa amri. Bafle ifungiwe ndani, kila mwanakorali asikilize kwa simu yake, écouteurs masikioni.

Basi prezida wa korali na mke wake wakakaa benchi moja wamepeana migongo, kila mmoja na wimbo wake, kama wamegombana.

Avenue ikanyamaza. Wakuu, avenue yetu haijawahi kunyamaza tangu Mungu aumbe ziwa.

Mchana majirani wakaanza kuingia uani kwa Mama Nyota. Bamama wamejifunga vitenge kiunoni. Mmoja kabeba gunia la makaa. Mwingine kaleta viti vya plastiki vya kukalia kando ya moto. Wakamkuta kwenye mkeka, macho amefunga, machozi yanatiririka. Wimbo wa tatu humliza kila mara.

Wakaketi, wakalia naye.

Mzee mmoja akaninong'oneza, "Ni nani alitutoka?"

"Hakuna, baba. Tunasikiliza albamu."



"Basi mi narudisha makala yangu," akasema yule wa gunia la makaa.

Mama Nyota akafungua jicho moja. "Hakuna kurudi. Mulikuja kulia, mutalia. Kila mutu atoe simu yake."

Nikagawa link kama kadi za chanjo. Anayepita njiani anaona umati, anaingia kutoa pole, anapewa link. Jua linazama, uani hakuna pa kutema mate, na Fizi-Centre tumewaacha nyuma.

Tukaenda Uvira, na waombolezaji wetu nyuma kwenye lori, maana hakuna aliyekubali kubaki.

Katikati ya wimbo wa tatu sauti ya Mama Nyota ikakatika. Kabla sisi wanakorali hatujashtuka, wale waliokuja kulia wakaupokea wimbo kutoka nyuma ya ukumbi, neno kwa neno, wakaufikisha mwisho.

Somo langu: ukimpenda msanii, mfungue kwenye simu yako mwenyewe kwanza, halafu uje kwenye bafle na wengine.

Nanyi kwenu mnasikilizaje, kila mtu na masikio yake au avenue nzima? Watu wa Fizi-Centre nanyi mnaruhusiwa kuandika. Makaa tulishapikia chai, msiulize.