Mikono ya Kabali

Mikono yake ilikuwa na alama za meno kuanzia kiwiko hadi vifundo vya vidole, na kila alama alimjua aliyeiacha. Hii ya fundi magari aliyemwagikiwa na maji ya rejeta. Hii ya bibi mmoja aliyebakiwa na meno manne, na yote manne akayatumia. Alikuwa mhudumu wa chumba cha vidonda, na kazi yake ilikuwa kuwashika walioungua wakati wakibadilishiwa bandeji. Jina alilopewa na wazazi wake lilionekana kwenye orodha ya zamu tu. Hospitali nzima ilimwita Kabali.

Zamani alibeba magunia kwenye kinu cha unga. Siku moja alimpeleka hospitali mwenzake aliyeungua, na mwenzake kwa maumivu akamrusha muuguzi ukutani na kuvunja chupa za dawa. Kabali alimkumbatia kwa nyuma, akaketi naye sakafuni juu ya vigae vya chupa mpaka kidonda kikaisha kusafishwa. Sista mkuu, mwanamke mdogo kama kifaranga, alimtazama juu na chini.

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Nabeba magunia, Sista."

"Kuanzia Jumatatu utabeba watu."

Ikapita miaka kumi na tisa. Sindano ya maumivu ilikuwapo wiki hii, ikakosekana wiki mbili zilizofuata. Bandeji ikikauka juu ya kidonda hugeuka kuwa ngozi, na kuibandua ni kuchuna. Watu wazima walijikojolea mikononi mwake. Mwanajeshi mstaafu alimvunja pua kwa kichwa. Kabali alikaza tu. Aliwahi kulegeza mara moja, mwaka wake wa kwanza, kwa huruma. Mgonjwa akajirusha, mkasi ukazama ndani ya mkono wake, na mama yule hakushika tena kijiko kwa mkono ule.

Alikuwa pia mtu wa kanisa. Wagonjwa walipomlilia wakiuliza kwa nini Mungu amewaachia mateso kama yale, aliwanong'oneza sikioni huku amewabana, siku zote jibu lile lile: "Mungu anakusafisha kama dhahabu motoni." Hakuona ajabu kumwambia hivyo mtu aliyetoka motoni juzi. Baba mmoja alimtemea damu usoni. Kabali alijifuta kwa bega na kurudia, polepole zaidi, akidhani hakusikika.

Kisha Jumanne moja, saa nne asubuhi, jiko la mafuta ya taa lililipuka nyumbani kwake.

Mgonjwa alipoingizwa kwenye machela, Kabali alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. Hakumtambua mkewe kwa uso. Alimtambua kwa miguu, kwa kidole gumba kilichopinda. Mkono wa kulia, kifua na upande mmoja wa shingo vilikuwa vimeungua vibaya.

"Mwingine amshike," Sista alisema.

"Nani mwingine?" mgonjwa akauliza. Sauti ilitoka kama mchanga. "Huyu ananijua."

Mama Pacha, kama mtaa ulivyomwita tangu alipozaa mapacha wake, alikuwa na mdomo usiokubali kushindwa hata na moto. Siku ile ya kwanza alimpiga mumewe kidevuni kwa kisogo mpaka akajiuma ulimi. Kabali alipofungua kinywa, mkewe akamwahi.

"Ukithubutu kunisafisha kama dhahabu, Baba Pacha, nakung'oa sikio."

Akakifunga.

Siku ya tatu alikataa kabisa. Aliipiga teke ile meza ya vifaa, mikasi ikaruka hadi mlangoni, na Sista alipomsogelea akamkwaruza shingo kwa mkono mzima. Alisema hashikwi tena na mtu. Sista alimvuta Kabali pembeni, damu ikimchuruzika kolani.

"Kidonda cha kwapani kimeanza kunuka. Kisiposafishwa kufikia kesho, keshokutwa tunakata mkono. Tukichelewa zaidi ya hapo, hakuna cha kukata, ni kuzika. Zungumza naye."

Alizungumza. Alibembeleza, akafoka, akapiga magoti.

"Nijibu kwanza," mkewe alisema. "Kwa nini mimi? Nilikuwa nachemsha maji ya kumwogesha mama yako. Kwa nini Mungu aliacha? Na usinipe jibu lako la kazini."

Alitoka nje akasimama kando ya kamba za kuanikia mashuka.

Saa tisa, saa ya kutazama wagonjwa, akaja katekista. Alikuwa rafiki wa nyumba ile, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alivuta kiti, akafungua Biblia, kisha akaifunga kwa sababu alidhani ana neno bora zaidi.

"Mama Pacha, usihuzunike. Mungu anakusafisha kama dhahabu motoni."

Kabali alikuwa mlangoni. Hata yeye baadaye hakukumbuka kuvuka chumba. Alimkamata katekista kooni, akamwinua kutoka kitini, akambamiza kwenye kabati la chuma mara moja, mara ya pili. Miwani ikakatika uzi.

"Umelitoa wapi hilo neno?"

"Kwako," katekista alikoroma. "Kaka, nimejifunza kwako."

Ngumi ilikuwa njiani tayari. Jino liliruka. Kabali akapiga tena, na tena, kama anayetwanga, mpaka Sista alipoinua bakuli la chuma na kumgonga nalo kichwani mara tatu, ndipo akaachia. Katekista aliteleza sakafuni, kifua cha shati kimelowa damu.

"Jino liko chini ya kitanda changu," alisema mgonjwa wa jirani, "kama kuna mwenye shida nalo."

Kabali alinawa mikono muda mrefu. Kisha akarudi, akaketi kwenye kiti cha katekista. Damu ilimtiririka nyuma ya sikio.

"Sijui," alimwambia mkewe. "Sijui kwa nini. Sikuwahi kujua. Nilikuwa nawaambia vile ili wanyamaze, nifanye kazi."

Mama Pacha alitazama dari.

"Katekista ameng'oka meno mangapi?"

"Moja."

"Alistahili nusu. Nusu nyingine ilikuwa yako."

Akahema kwa shida.

"Yesu aliuliza," akasema. "Pale msalabani. Kwa nini umeniacha. Kwa sauti kuu, mbele za watu. Alijibiwa nini?"

Kabali aliipekua sura ile kichwani, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni.

"Hakujibiwa."

"Basi mimi ni nani nijibiwe na katekista. Nitamuuliza mwenyewe. Yeye maumivu haya anayajua." Akafumba macho. "Kesho nishike. Usilegeze, na usiniambie kitu."

Asubuhi alimshika. Bandeji ya kwapani ilitoka na nyama, na Mama Pacha alimuuliza Mungu kwa nini, kwa sauti iliyoiamsha wodi ya wazazi, kwa maneno ambayo hayasomwi kanisani. Alipokosa pumzi ya kuuliza aliuma. Alizamisha meno kwenye mkono wa mumewe mpaka yakagonga mfupa, naye Kabali, paji la uso likiwa juu ya utosi wake, alisikia kinywa chake mwenyewe kikiuliza swali lile lile. Hakulegeza.

Zilihitajika asubuhi thelathini na moja. Mkono haukukatwa, ingawa kiwiko hakikunyooka tena. Kanisa lilimweka Kabali benchi la nyuma miezi mitatu kwa sababu ya jino, na mkewe akahamia benchi lile lile. Katekista aliwakuta huko Jumapili ya pili, akawasalimia kwa pengo lake, akaketi nao.

Kazini, wagonjwa waliendelea kumuuliza.

"Sijui," aliwaambia, akipitisha mikono kifuani mwao. "Muulize mwenyewe, kwa nguvu. Ukitaka kuuma, uma hapa, pana nafasi."