Salamu za Muuza Maziwa

Juzi nilikuwa nakunywa chai kwenye hoteli moja hapa Garsen, likasimama gari la watalii ambao meli yao ilikuwa imetia nanga Lamu. Kijana anayewatembeza akashuka, akagonga saa yake kwa kidole. "Dakika tano tu! Meli haingoji mtu."

Mama wa Kiorma anayeuza maziwa akasogea kwenye dirisha la gari kuwasalimu. "Watu wa nyumbani wazima? Mvua imenyesha? Ng'ombe wazima?"

Kijana akatafsiri haraka haraka. Mzungu mmoja mzee akajibu kwamba ng'ombe wake aliwauza magoti yalipomshinda.

"Pole sana," mama akasema. "Walikuwa rangi gani?"

Mzungu akaanza kuwaeleza mmoja mmoja, akichora mabaka yao hewani.

"Mama, tumechelewa!" kijana akalalamika.

"Mimi sijasalimia wale wa nyuma."

Alipowamaliza wa nyuma, akamgeukia kijana. "Na wewe, ng'ombe wako?"

Kijana akaitazama saa, kisha akashusha mkono. "Mama yangu ana mmoja, kule Ngao. Amezaa wiki hii."

"Ndama dume au jike?"

Kama meli iliwangoja, sijui. Nilipoondoka, dereva alikuwa anapiga honi, na watalii wote walikuwa wameketi garini wakimngoja kijana.